Uvimbe Usiongojea Krismasi

Mtu ashukaye kutoka Masama ya juu, penye migomba na kahawa, hadi Rundugai kwenye chemchemi na mashamba ya mahindi, hahitaji zaidi ya mwendo wa siku moja kwa miguu. Hata hivyo, katika mwendo huo mmoja huacha nchi moja ya maradhi na kuingia nyingine. Huko juu baridi humnyima mbu nafasi, na kijidudu cha malaria hakipati joto la kutosha kukomaa ndani ya mwili wa mbu. Huku chini malaria si mgeni. Wazee wa Kichaga walilijua jambo hili kabla mtu yeyote hajawaonyesha hadubini. Kihamba na nyumba vilikaa juu, shamba la nafaka likawa chini, na mwenye busara alipanda kurudi kwake kabla jua halijazama.

Yapo maradhi mengine yafuatayo mpaka huo huo wa baridi na joto, nayo hayazungumzwi sana vilabuni wala mikutanoni. Ni uvimbe wa taya la mtoto, ambao madaktari huuita limfoma ya Burkitt, nayo ni saratani. Leo, ndugu wasomaji, twapenda kueleza jinsi wataalamu walivyofaulu kuzipiga picha seli za uvimbe huo kwa mionzi ya atomiki, hapa hapa Afrika ya Mashariki, na jinsi picha hizo zilivyofichua jambo ambalo kila mzazi wa Masama, wa juu na wa chini, yampasa alijue kama ajuavyo siku ya gulio. Jambo lenyewe ni muda.

Tuanze Kampala. Mwaka 1957 Denis Burkitt, mpasuaji aliyezaliwa Ireland na aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, aliitwa kumtazama mtoto ambaye taya zake zote, la juu na la chini, zilikuwa zimevimba kuume na kushoto. Hakupata kuona kitu cha namna hiyo. Baada ya muda si mrefu, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Tangu hapo akaanza kupekua madaftari ya hospitali, na mwaka 1958 akachapisha taarifa yake ya kwanza. Kisha, mwezi Oktoba 1961, wakati Tanganyika ilipokuwa ikihesabu majuma yaliyobaki kabla ya kujitawala, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu wakafunga safari ya maili kama 10,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa bara na kurudi. Walipita hospitali baada ya hospitali, na katika kila moja waliuliza swali moja: je, uvimbe huu mnauona hapa?

Majibu yalipowekwa kwenye ramani, mpaka ukajichora wenyewe. Katika nchi za chini zenye joto na mvua, watu walisema ndiyo. Katika nchi za juu zilizo karibu na ikweta, kuanzia kama futi 5,000 kwenda juu, walisema hapana, au waliukumbuka kwa mtoto aliyehamia kutoka chini.

Msomaji wa Moshi hahitaji kuambiwa futi 5,000 ziko wapi. Mji wa Moshi uko chini yake kwa mbali, na Bomang'ombe vilevile. Apandaye kwenda Masama ya juu huuvuka mstari huo akiwa bado katikati ya migomba. Kwa hiyo mpaka wa Burkitt wapita ndani ya tarafa moja, na pengine ndani ya ukoo mmoja, ambao bibi yuko juu na wajukuu wako chini. Wala mpaka huo si ukuta. Watoto hushuka wakati wa likizo na wakati wa mavuno, na wengine huzaliwa na kukua huko huko tambarare, ambako ardhi bado yapatikana na vihamba havijakatwa vipande vidogo mno.

Ramani iliwaambia wataalamu mahali. Haikuwaambia mwendo. Madaktari wa Kampala walikuwa wakiona kwa macho yao kuwa uvimbe huu wakua upesi kuliko saratani yoyote waliyoizoea. Mama alisema majuma mawili yaliyopita mtoto hakuwa na kitu, na daktari asiyezoea alidhani mama amesahau. Lakini ni upesi kiasi gani? Na kwa nini? Hapo hadubini ya kawaida ilikuwa haina jibu. Kipande cha uvimbe kikikatwa, kikapakwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini, seli huonekana zimebanana kama punje za mahindi guniani, zimekufa na kutulia. Huwezi kujua ni ipi iliyokuwa ikijitayarisha kugawanyika na kuwa mbili, ipi iliyokuwa imepumzika, na ipi iliyokuwa yakaribia kufa. Ni sawa na kutazama picha iliyopigwa katika soko la Kwa Sadala: watu waonekana tele, lakini nani aingia na nani atoka, picha haisemi.

Dawa ya shida hiyo ni alama. Mkulima wa mlimani atakaye kujua kama maji ya mfongo wake ndiyo hasa yafikayo kwa jirani wa chini aweza kutupa maganda ya kahawa katika maji, kisha akamtuma kijana akatazame kule chini kama yatatokea. Maji yote hufanana. Maganda ndiyo yatoayo ushahidi. Wataalamu wa atomiki hufanya vivyo hivyo, ila ganda lao ni atomi itoayo mionzi. Atomi hiyo huingia katika mwili au katika mmea na kutendewa kama ndugu zake wengine wasio na mionzi, kwa sababu mwili hauwezi kuzitofautisha. Tofauti ni kwamba hii yapiga kelele kila iendako.

Wa kwanza kuitumia hila hii katika kiumbe hai alikuwa George de Hevesy, mzaliwa wa Hungaria. Mwaka 1923, akiwa Copenhagen, aliipa mimea ya maharagwe maji yenye risasi itoayo mionzi, kisha akapima mizizi, shina na majani kuona risasi imefika wapi. Kwa kazi hii ya alama alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943. Mwaka mmoja baada ya maharagwe ya Hevesy, yaani 1924, huko Paris, Antoine Lacassagne alichukua vipande vyembamba vya nyama ya mnyama aliyekwisha kupewa polonia, akavilaza juu ya bamba la picha, na bamba likaweusika pale tu polonia ilipokuwa imejificha. Jambo la mionzi kuliweusisha bamba la picha lilikuwa likijulikana tangu 1896, Henri Becquerel alipoona chumvi ya urani imeacha kivuli chake kwenye bamba lililofungwa ndani ya karatasi nyeusi.

Wakulima wa kahawa nao wasidhani mambo haya hayawahusu. Mwaka 1974 wataalamu wa Kenya walichapisha taarifa ya uchunguzi wao juu ya mizizi ya kahawa ya arabika. Waliitia ardhini fosforasi yenye mionzi, kwa vina mbalimbali na kwa umbali mbalimbali kutoka shinani, kisha wakapima majani ya mti kuona ni mizizi ya wapi iliyoileta juu. Hakuna aliyelazimika kuung'oa mti. Fosforasi hiyo hupungua nguvu nusu kila baada ya siku 14, hata ikatoweka. Mtu aliyewahi kubishana na bwana shamba juu ya mahali pa kuweka mbolea, karibu na shina au mbali nalo, ataona mara moja faida ya ushahidi wa namna hiyo.

Yatupasa hapa tutofautishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Picha ya eksirei, ambayo wengi wetu tumepigwa, ni kivuli: mionzi hutoka katika mashine, hupita mwilini, na mfupa huizuia. Picha tunayoizungumzia ni kinyume chake. Mashine haimuliki kitu. Kinachotoa mionzi kimo ndani ya seli yenyewe, nayo seli hujipiga picha yake.

Kwa seli za uvimbe wa Burkitt, alama iliyotumiwa ni tritiamu, ndugu mzito wa haidrojeni. Kila seli itakayogawanyika kuwa mbili yalazimika kwanza kunakili DNA yake, yaani maandishi ya urithi yaiongozayo seli katika kazi zake zote, ili kila mtoto apate nakala kamili. Kwa kunakili huko seli huhitaji aina nne za matofali, na mojawapo hutokana na kitu kiitwacho thaimidini, ambacho hutumika katika DNA na si penginepo. Basi ukiifunga tritiamu kwenye thaimidini na kuzipa seli zikiwa hai, seli iliyo katika kunakili itaimeza na kuijenga ndani ya DNA yake. Seli iliyopumzika haitaigusa. Mwaka 1957, mwaka ule ule Burkitt alipomwona mtoto wa Mulago, J. Herbert Taylor na wenzake wa Marekani walikwisha kuitumia thaimidini hii katika ncha za mizizi ya maharagwe, wakaona jinsi DNA ya zamani igawanywavyo kati ya watoto wawili wa seli. Maharagwe tena! Tangu Hevesy, mmea huu umeitumikia sayansi ya atomiki kuliko maprofesa wengi.

Kazi yenyewe ni ya subira, na twapenda kuieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu ni kazi ya mikono. Kipande kidogo cha uvimbe, kikiwa bado kina uhai, huwekwa katika maji yenye chakula cha seli na ile thaimidini yenye alama, kwa muda mfupi na katika joto la mwili. Kisha huoshwa, hukaushwa na kukatwa vipande vyembamba kupita karatasi, ambavyo hulazwa juu ya vioo. Hapo kazi yahamia chumba cha giza. Fundi huchovya kila kioo katika uji wa jeli uliochanganywa na chumvi ya fedha, ule ule upakwao katika filamu za picha, na kukiacha kikauke. Vioo hufungwa ndani ya sanduku lisilopenya mwanga na kuwekwa mahali pa baridi. Vyakaa humo siku, na mara nyingi majuma. Ndani ya giza hilo tritiamu yatoa mionzi yake dhaifu, ambayo kwa wastani haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita kabla ya kusimama. Udhaifu huo ndio ubora wake: hauwezi kuitia doa seli ya jirani. Mwishowe kioo husafishwa kama picha nyingine yoyote, hupakwa rangi, na chini ya hadubini waona seli, na juu ya kiini cha baadhi yake waona punje nyeusi za fedha, kama pilipili manga iliyonyunyizwa juu ya yai. Zenye punje zilikuwa zikinakili. Zisizo na punje hazikuwa.

Karatasi za kitaalamu hutaja majina ya maprofesa. Mtu aliyekaa gizani akivichovya vioo vile mia kwa mia bila kukikwaruza hata kimoja hutajwa kwa nadra, na pengine hushukuriwa kwa neno moja mwishoni. Sisi twasema bila mikono yake hakuna profesa ambaye angeona chochote.

Sasa yabaki hesabu. Fikiri kiwanda ambamo kila mfanyakazi, katika kila mzunguko wa kazi yake, hukaa mezani saa moja kula, na wote hawaendi kwa pamoja. Ukiingia ghafula ukakuta mtu mmoja katika kila kumi anakula, waweza kusema bila kuuliza mtu kwamba mzunguko wao ni kama saa kumi. Seli zenye punje ndizo zilizo mezani. Ukizihesabu, na ukijua kunakili DNA kwachukua saa ngapi, wapata urefu wa maisha ya seli kutoka kugawanyika hadi kugawanyika.

Hesabu hizi zilianza kufanywa kwa uvimbe wa watoto wa Uganda katika miaka ya 1960. Taarifa ya Cooper, Frank na Wright ilitoka mwaka 1966. Baadaye Waiversen wa Norway walishirikiana na madaktari wa Kampala, wakachapisha mwaka 1972 na tena 1974. Miongoni mwa waliotia mkono katika taarifa ya 1972 alikuwamo Sebastian Kyalwazi wa Mulago, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kuhitimu upasuaji, na twalitaja jina lake kwa makusudi.

Walichokiona ni hiki. Seli ya uvimbe wa Burkitt hugawanyika kwa muda wa siku moja hivi, saa 24 au 26. Karibu seli zote zimo kazini. Zilizopumzika ni chache mno. Kama kila seli mpya ingeishi, uvimbe ungekuwa maradufu kila siku. Lakini ulipopimwa kwa nje, walikuta wahitaji takriban saa 66 kuwa maradufu, yaani siku tatu kasoro saa chache. Tofauti hiyo imekwenda wapi? Zaidi ya nusu ya seli zizaliwazo hufa ndani ya uvimbe huo huo, na seli walaji za mwili huzimeza. Kwa hadubini walaji hao huonekana kama madoa meupe katika uwanja mweusi wa seli za saratani, nao madaktari kwa miaka mingi wameuita uwanja huo mbingu yenye nyota. Jina zuri kwa kitu kibaya.

Sasa, ndugu mzazi, tuzitie hesabu hizi Masama. Mtoto wa miaka mitano au sita, rika ambalo uvimbe huu hulipenda, aanza kulalamika kuwa jino lacheza. Hana maumivu makubwa. Shavu latuna kidogo. Nyumbani watu husema ni jino, na jino hung'olewa. Au husema limetoka upepo, na majani hupondwa. Wengine husema mambo makubwa kama kwenda hospitali ya rufaa yahitaji fedha na shauri la wakubwa, na wakubwa wako Dar es Salaam na Arusha, watakuja Krismasi kama ilivyo desturi, basi tungoje. Uvimbe ukikua maradufu kila siku tatu, katika majuma matatu utakuwa umekua maradufu mara saba. Mara mbili, mara nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne, mia moja ishirini na nane. Kweli, mwendo huo hauendelei hivyo milele, kwa kuwa uvimbe mkubwa hukosa chakula. Lakini mtoto aliyengojwa kuanzia Novemba hadi Krismasi si yule yule wa Novemba. Uvimbe waweza kuwa umefika jichoni, tumboni, au kwenye uti wa mgongo na kuilegeza miguu.

Kasi hiyo hiyo, hata hivyo, ndiyo udhaifu wake. Dawa zilizopatikana katika miaka ile, na hasa saiklofosfamaidi, hudhuru zaidi seli zilizo katika kazi ya kujigawanya. Na uvimbe ambao karibu seli zake zote zimo kazini hauna pa kujificha. Kampala waliona taya lililovimba kama embe likirudi umbo lake kwa siku chache baada ya kudungwa dawa. Saratani chache sana hutii hivyo. Mwaka 1967 kituo maalum cha kutibu uvimbe huu kilifunguliwa huko, na mkurugenzi wake wa kwanza, John Ziegler wa Marekani, alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker mwaka 1972 kwa matibabu ya dawa. Mwaka huo huo Uganda ilikuwa katika taabu ya utawala wa Amin, na wageni waliondoka. Wengi walidhani mlango utafungwa. Haukufungwa: Dk. Charles Olweny, mwana wa Uganda, aliishika kazi, na kituo kile ndicho leo Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Uponyaji wa haraka nao una hatari zake, maana seli nyingi zikifa kwa siku moja mabaki yake huzilemea figo. Ndiyo sababu dawa hizi hutolewa hospitalini, mtoto akiwa na maji ya kutosha mwilini na damu yake ikipimwa. Hatusemi haya kumtisha mtu. Twayasema ili asiwepo wa kununua dawa ya saratani dukani.

Wapo watakaosoma neno mionzi na kukumbuka Hiroshima. Hofu hiyo ina haki yake. Lakini tritiamu ya kwenye kioo hupigwa breki na karatasi moja, hata na ngozi. Ubaya wake huja ikimezwa au ikivutwa. Mionzi mingine itumikayo hospitalini ni mikali zaidi, nayo yahitaji kuta nene, vyombo vya risasi na sheria. Sheria tunayo. Tanzania ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 1976. Sheria ya kwanza ya kujikinga na mionzi ilipitishwa 1983, na ile ya 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo makao yake yalianzia Arusha, mwendo mfupi kwa basi kutoka Masama. Tume hiyo hupima vile vibandiko vidogo wanavyovaa kifuani wafanyakazi wa vyumba vya mionzi, ili kujua kila mmoja amepokea kiasi gani. Twawaambia wafanyakazi wa hospitali, na tusiwasahau wafagiaji na wabeba taka: kibandiko si pambo, na kukiacha mezani ili kisionyeshe kitu ni kujidanganya mwenyewe. Nanyi mlio wasimamizi, mfanyakazi akiuliza kipimo chake cha miezi iliyopita, mpeni namba.

Na leo je? Tritiamu imeachia nafasi katika maabara nyingi. Kwa kutafuta seli zinazogawanyika, wapimaji sasa hutumia zaidi rangi zishikazo kitu maalum ndani ya seli, kama kile kiitwacho Ki-67, ambacho hupatikana katika seli zilizo kazini tu. Majibu huja kwa siku badala ya majuma, na hayahitaji chumba cha giza. Katika limfoma ya Burkitt rangi hiyo huzishika karibu seli zote, asilimia 100 kasoro kidogo. Vile vile vilivyosemwa na punje za fedha miaka hamsini nyuma. Alama za mionzi nazo hazikustaafu, zimehamia kwa mgonjwa aliye hai. Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hutumiwa teknishiamu, ambayo hupungua nusu kila saa 6, na kamera huonyesha ilikokusanyika katika mifupa au tezi. Nairobi, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ilianza mwaka 2018 kutumia sukari yenye florini ya mionzi: seli za saratani, kwa ulafi wao, hula sukari hiyo kuliko jirani zake, na kamera huziona ziking'aa. Florini hiyo hupungua nusu kila dakika 110. Haiwezi kungoja ndege iliyochelewa wala foleni ya barabarani, hivyo yalazimika kutengenezwa karibu na mgonjwa. Hapo twaona wazi kwamba ujuzi wa namna hii hauazimwi kutoka mbali. Ama unao nyumbani, ama huna.

Moshi inayo KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, na wataalamu wake wa kupima vipande vya nyama ni hazina ya kaskazini yote. Lakini rangi za kupimia hununuliwa kwa fedha za kigeni, na mtaalamu mmoja husomeshwa kwa miaka mingi. Mashine kubwa ikizinduliwa, wakubwa hualikwa na utepe hukatwa. Chupa ya rangi ikiisha hakuna apigaye picha. Sisi twaona bajeti ipimwe kwa chupa pia.

Lipo na suala la mzizi. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waligundua, katika seli za uvimbe zilizopelekwa London kwa ndege kutoka Kampala, kirusi ambacho leo kina majina ya Epstein na Barr. Kirusi hiki kimo katika watu wengi ulimwenguni, na huko Ulaya hakileti uvimbe wa taya ila mara chache. Kinachokipa nguvu hapa ni malaria ya mara kwa mara, ambayo huchosha kinga ya mtoto. Katika Mara Kaskazini, kati ya 1977 na 1982, watoto wa chini ya miaka kumi walipewa klorokwini ili ionekane kama uvimbe utapungua. Ulipungua, ila ulikuwa umekwisha anza kupungua kabla ya dawa, na wachunguzi wenyewe, kwa uaminifu, wakasema ushahidi hautoshi kukata shauri. Hata hivyo mpaka wa futi 5,000 uliochorwa na gari kuukuu mwaka 1961 waeleweka vema zaidi kwa mbu wa malaria kuliko kwa sababu nyingine. Chandarua cha Rundugai, basi, chaweza kuwa kinga ya taya pia.

Twavishauri vituo vya afya na zahanati za Masama, za juu na za chini, jambo moja dogo lisilohitaji fedha. Mtoto akiletwa na shavu lililotuna, au meno mengi yanayocheza kwa pamoja, au jicho lililojitokeza, jino lisiguswe kwanza. Apelekwe hospitali ya wilaya ya Hai, Bomang'ombe, na kutoka huko KCMC, juma hilo hilo. Na kwenye kadi yake ziandikwe tarehe mbili kwa wino: siku mama alipouona uvimbe, na siku mtoto alipomfikia daktari wa kukata kipande. Mama aulizwe tarehe ya kwanza kwa upole, na akisema ni majuma mawili tu, aaminiwe.